Vitabu juu ya kabati: kisa cha familia moja ya Kikongomani na likizo ya kiangazi

Bahasha ilikuwa mezani jikoni, imewekewa sufuria juu yake. Binti wa miaka 9 aliileta kutoka shuleni siku ya mwisho ya masomo, na wiki ya pili ya likizo nilipoingia nyumbani kwao ilikuwa bado haijafunguliwa. Ndani mlikuwa na karatasi za mazoezi za likizo nzima na barua inayomhimiza mzazi asome na mtoto wake dakika 20 kila siku. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mzazi aliyeandikiwa hasomi Kiingereza.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wanaolea watoto mbali na kwao, na kwa wale ambao, kama mimi, huitwa kuwasaidia kwa sababu tu wanajua Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi Lexington, Kentucky, na nimekuwa mkalimani wa kujitolea kwa familia za Wakongomani. Familia hii imeniruhusu kueleza yaliyotokea, mradi nisitaje majina.

Mama alizaliwa Fizi, Kivu Kusini. Alivuka Ziwa Tanganyika akiwa msichana, akaishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya wilaya ya Kasulu inayohifadhi Wakongomani tangu 1996. Aliolewa kambini, akapata watoto wawili, na wa tatu akamzaa huku Marekani. Nyumbani wanazungumza Kibembe na Kiswahili cha Kongo. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne. Biblia ya Kiswahili anaisoma, polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu, na hulala nyumbani usiku mbili kwa wiki. Mama anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Anatoka saa 3 usiku, anarudi alfajiri, analala mpaka alasiri.

Kijana mkubwa ana miaka 14. Alianza shule Nyarugusu, ambako shule za Wakongomani zilifuata mtaala wa Kongo na Kifaransa chake, na alipofika hapa akaanza upya kwa Kiingereza. Binti wa kati alifika akiwa na miaka miwili. Kiswahili anakisema vizuri, ila hakuwahi kuonyeshwa namna ya kukisoma. Wa mwisho ana miaka 5.

Wasiwasi ulikuwa juu ya binti. Shule yake hupima usomaji kwa ngazi za herufi, kuanzia A kwenda juu. Mwaka uliotangulia alifunga shule Mei akiwa J, na Agosti akarudi akiwa H. Mwalimu wake alihitaji karibu muhula mzima kumrudisha alipokuwa. Mei ya mwaka huu alifikia L, na mtoto anayemaliza darasa la tatu hutarajiwa kuwa mbele zaidi ya hapo. Shule ilihofia kiangazi kingine cha kushuka. Ndipo nikaitwa.

Kabla ya kueleza tulichofanya, lazima nieleze nilichokikuta, kwa sababu mtu angeweza kutazama nyumba ile na kusema hawa hawajali kusoma. Nilitafuta vitabu sebuleni, sikuona hata kimoja. Nilipouliza, mama alinyoosha kidole juu ya kabati la vyombo. Vitabu 7 vilikuwa pale, vimepangwa vizuri, vimefunikwa kitambaa. Mwaka juzi kitabu cha shule kilipotea, na ankara ya dola 17 ikafika nyumbani. Kwa mama anayehesabu kila dola, na ambaye hakuelewa barua ile ingempeleka wapi, somo lilikuwa moja tu: kitabu cha shule ni mali ya watu, kikiingia nyumbani kiwekwe mahali ambapo hakuna mkono wa mtoto utakaofika. Alivitunza vile alivyotunza vyeti vya uhamiaji.

Jambo la pili lilinisikitisha zaidi. Miaka miwili iliyopita mtu wa shuleni, kwa nia njema kabisa, alimshauri azungumze Kiingereza na watoto ili wasichelewe. Alitii. Kwa kuwa Kiingereza chake ni maneno ya kazini, ya dukani na ya salamu, mazungumzo yake na binti yalipungua hadi kula, kuoga, lala, fanya haraka. Hadithi za Sungura na Fisi alizomhadithia kijana mkubwa Nyarugusu, binti huyu hakuzipata. Ushauri ule uliondoa maneno mengi nyumbani na haukuleta mengine ya kujaza nafasi yake.

Mama aliniambia, "Batoto banajua kuliko miye. Miye ntabafundisha nini?"

Makosa yangu mawili

Kosa la kwanza lilikuwa kumkabidhi kaka mtu kazi. Niliona anajua Kiingereza vizuri na yuko nyumbani mchana. Nikampangia asome na dada yake dakika 20 kila asubuhi. Siku ya sita binti alilia, kijana akafunga mlango wa chumba chake. Nilipokwenda kumsikiliza, aliniambia yeye ndiye anayesoma barua za nyumba, ndiye anayepiga simu kwa mwenye nyumba, ndiye anayekwenda hospitali kumfasiria mama yake hata mambo ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyasikia. Sasa awe mwalimu pia? Hakuwa mvivu. Alikuwa amebebeshwa utu uzima kabla ya wakati, nami nikamwongezea mzigo bila kumuuliza.

Hapa nitoke kidogo kwenye kisa, maana wazazi wengi hawaambiwi: shule za umma za Marekani zinawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kuwasiliana na mzazi asiyejua Kiingereza kwa lugha anayoielewa. Unayo haki ya kuomba mkalimani au barua iliyotafsiriwa, na mkalimani huyo hapaswi kuwa mtoto wako.

Kosa la pili lilikuwa la lugha. Nilichapisha hadithi fupi kutoka African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za bure ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambamo hadithi moja hupatikana kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Nilifikiri nimepata dawa: mama asome Kiswahili, binti asome Kiingereza, hadithi ile ile. Tukakaa. Mama alianza kusoma, kisha akaacha karatasi na kuieleza hadithi kwa maneno yake. Akasema "batoto", akasema "bitabu". Nami, Mtanzania niliyefundishwa Kiswahili sanifu kwa fimbo, nikamsahihisha mbele ya binti yake. Mara moja tu, kwa sauti ya upole. Alitabasamu, akaendelea kidogo, akanyamaza.

Wiki iliyofuata binti aliniambia mama amesema mwalimu, yaani mimi, ndiye asome, kwa sababu anajua Kiswahili cha mu kitabu.

Nilirudi kumwomba radhi. Nilimwambia kuwa Kiswahili chake ni cha mamilioni ya watu, ni lugha ya taifa katika Kongo pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na kwamba aliyekosea pale ni mimi. Alicheka, akanikaribisha sombe, yaani kisamvu. Lakini tulipoteza wiki, na ilibaki kidogo tupoteze na zaidi. Anayesaidia familia za Waswahili ajue kwamba masahihisho ya aina ile huziba kinywa ambacho tulikuwa tunataka kifunguke.

Saa 10 jioni, jikoni

Kilichofanya kazi hakikutoka kwenye mpango wangu wowote. Kilitokana na saa. Nilimuuliza mama ni wakati gani wa siku yuko macho, yuko nyumbani na hana haraka. Akasema saa 10 jioni, anapopika kabla ya kujiandaa kwenda kazini. Basi tukaweka kiti kimoja jikoni, karibu na jiko.

Utaratibu ulikuwa huu. Binti anakaa na kitabu cha Kiingereza alichokichagua mwenyewe. Anasoma kurasa mbili au tatu kwa sauti. Mama anapika na kusikiliza, ingawa maneno hayaelewi. Kisha binti anafunga kitabu na kumweleza mama, kwa Kiswahili cha nyumbani, nini kimetokea. Mama ana maswali mawili tu: "Kisha?" na "Juu ya nini?" Swali la pili ndilo "kwa nini" letu sisi wa Tanzania. Asiporidhika na jibu, binti anarudi kwenye ukurasa.

Nilikuwepo jioni moja yalipoonekana matunda yake. Kitabu kilikuwa cha chura aliyenyang'anywa jani lake. Binti alieleza kwamba chura akawa mwendawazimu. Mama aligeuka na mwiko mkononi. "Mwendawazimu? Juu ya nini? Mutu anaibiwa, anakuwa mwendawazimu?" Binti akasisitiza kuwa ndivyo kilivyoandikwa. Mama akakataa: haiwezekani, rudi uangalie. Binti akarudi, akasoma tena sentensi tatu, akakaa kimya, kisha akasema, "Aaa. Amekasirika." Neno lile la Kiingereza, "mad", lina maana mbili, wazimu na hasira, na alikuwa ameshika ile isiyohusika. Karatasi za mazoezi zisingemgundua, kwa sababu angetia alama kwenye kisanduku na kusonga mbele. Aliyemgundua ni mama asiyejua neno lenyewe, kwa sababu anajua namna hadithi inavyokwenda na namna watu wanavyokuwa wanapodhulumiwa.

Jambo lingine alilianzisha binti mwenyewe. Bibi yao bado yuko Nyarugusu. Nilikuwa nimemwonyesha binti kuwa Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, irabu tano zisizobadilika, na kwa kuwa herufi alikuwa anazijua tayari, siku chache zilimtosha kuanza kusoma zile hadithi fupi nilizochapisha. Akaomba simu ya mama amsomee bibi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Alirekodi, akajisikiliza, akachukia alipokwama, akafuta. Akarekodi tena. Ukurasa mmoja aliurudia mara tano kabla ya kuutuma. Mtandao wa kambini ni wa shida, na majibu ya bibi yalifika baada ya siku mbili au tatu, naye alisubiri kila siku. Walimu wa usomaji wanakijua kitu hiki: tangu makala ya S. Jay Samuels ya 1979, kurudia kusoma kipande kile kile mpaka kitiririke kumekuwa njia maarufu ya kujenga wepesi wa kusoma. Ugumu ni kumpata mtoto anayekubali kurudia. Huyu alirudia kwa sababu bibi atasikia.

Kadi ya maktaba ilichukua muda. Mama hakutaka jina lake liandikwe mahali panapoweza kuleta deni. Tulikwenda pamoja siku moja ambayo hakuwa na kazi, na kabla hajatia saini tulimwomba mhudumu aeleze, nami nikifasiri neno kwa neno, kinachotokea kitabu kikichelewa na kinachotokea kikipotea. Maktaba nyingi za Marekani zimefuta faini za kuchelewesha, Chicago ikifanya hivyo 2019, kwa sababu hofu ya faini ilikuwa inawafukuza watu wale wale waliohitaji maktaba zaidi. Lakini mtu asiyesoma tangazo hatajua kama limetolewa. Baada ya maelezo alitia saini. Rafu ya chini sebuleni ikawa ya vitabu.

Kilichopatikana

Tulianza utaratibu wa jikoni wiki ya tano ya likizo ya wiki 10. Kati ya siku 42 zilizobaki, kalenda ya ukutani ina alama 29. Siku nyingine mama aliongezewa zamu, au wageni walikuja, au binti alikataa tu.

Agosti alipimwa tena. Alikuwa L.

Hakupanda, na sitaki kuipamba habari. Kwa mtoto aliyeshuka ngazi mbili kiangazi kilichotangulia, kubaki mahali pake kulimaanisha kuanza darasa la nne na somo jipya badala ya kufukua la zamani. Lakini ni mtoto mmoja, kipimo kimoja cha herufi, na hatujui angekuwaje bila sisi. Huenda darasa la tatu lilimkomaza kiasi kwamba asingeshuka hata angekaa bure.

Tahadhari hiyo inahitajika hata kwenye utafiti mkubwa. Harris Cooper na wenzake walipokusanya tafiti mwaka 1996, waliona kuwa kwa wastani watoto hupoteza kama mwezi mmoja wa masomo kiangazi, na kwamba katika kusoma watoto wa familia maskini hushuka huku wa familia zenye nafasi wakibaki au wakipanda kidogo. Uchunguzi wa Baltimore wa Karl Alexander na Doris Entwisle, uliowafuata watoto walioanza darasa la kwanza 1982, ulitilia nguvu wazo hilo. Baadaye Paul von Hippel alionyesha kuwa sehemu ya pengo hilo ilitokana na namna mitihani ya zamani ilivyopimwa, na vipimo vipya havirudii picha ile ile kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo simwambii mzazi yeyote kwamba mtoto wake ataharibika akipumzika.

Ninachokiamini zaidi ni utafiti wa Haringey, kaskazini mwa London, wa miaka ya 1970, uliochapishwa 1982 na Tizard, Schofield na Hewison. Katika baadhi ya madarasa waliwaomba wazazi jambo moja: mtoto alete kitabu nyumbani, mzazi amsikilize akisoma. Katika madarasa mengine watoto walipewa mwalimu wa ziada wa kusoma nao katika vikundi vidogo. Waliosikilizwa nyumbani walipanda waziwazi. Waliopewa mwalimu wa ziada hawakuonyesha faida ya namna hiyo. Na baadhi ya wazazi wale walikuwa wahamiaji wasiosoma Kiingereza, wengine wasiosoma lugha yoyote, na watoto wao walinufaika vilevile. Nilipomweleza mama habari hiyo, aliuliza mara mbili kama ni kweli.

Barua ya shule ilimwambia "soma na mtoto wako". Katika tafsiri yoyote, sentensi hiyo inamwambia mama huyu kuwa hafai, kwa sababu inamtaka afanye asichokiweza. Ingemwambia "msikilize mtoto wako akisoma, kisha mwambie akuhadithie kwa lugha yenu", angeanza siku ile ile, bila mimi. Ameishi na hadithi za kusimuliwa tangu Fizi. Anajua kusikiliza, anajua kushuku, anajua hadithi ilipokatika. Hizo ni kazi za msomaji, na mtoto mwenye miaka 9 bado hajazishika zote.

Kuhusu uchaguzi wa vitabu sikufanya vizuri. Richard Allington, Anne McGill-Franzen na wenzao waliwapa watoto wa shule 17 za Florida zenye familia nyingi maskini vitabu 12 kila kiangazi kwa miaka mitatu, na matokeo waliyoripoti mwaka 2010 yalilingana na faida ya kuhudhuria shule ya kiangazi. Jambo kubwa lilikuwa kwamba watoto walichagua wenyewe, shule ikiwa bado haijafungwa. Mimi mwanzoni nilibeba vitabu nilivyoona vya ngazi yake, ndiyo maana tulikuwa na vyura wengi. Binti alitaka samaki papa. Siku ya kwanza maktaba alikumbatia kitabu kikubwa cha papa chenye picha za meno na maandishi madogo, nami nikamwambia ni kigumu. Alikiazima hata hivyo, akasoma kurasa tatu, akakwama, akakirudisha. Wiki mbili baadaye akakiazima tena, safari hii akamsomea mdogo wake maelezo ya chini ya picha tu, na yale alimaliza yote. Nilikuwa karibu kumzuia.

Kijana mkubwa hakurudi kwenye usomaji, na hatukumwomba. Ila barua za shule sasa zinakuja na karatasi ya Kiswahili nyuma yake, kwa sababu mama aliiomba, kwa kinywa chake, kwenye mkutano wa Septemba, mkalimani wa shule akiwa kando yake.

Tangu Oktoba mama amehamishiwa zamu ya mchana, na saa 10 jioni yuko bado kazini. Wamejaribu saa 2 usiku na binti husinzia. Kwa sasa wanasoma Jumamosi na Jumapili, na bibi anaendelea kupokea sauti. Tumekubaliana kuwa mwaka ujao hatungoji Juni. Aprili, shule ikiwa bado wazi, binti ataandika orodha ya vitabu vyake 12 na kumpa mwalimu. Ameshaanza. Cha kwanza ni kile cha papa.